Kupima presha nyumbani: mwongozo kamili wa siku saba

Kila wiki natumiwa picha za mashine za presha. Moja inasoma 171/98. Nyingine, ya mtu yuleyule dakika ishirini baadaye, inasoma 139/84. Swali huwa lilelile: "Sasa ipi ya kweli?" Nikiuliza alikaaje, mkono ulikuwa wapi na mkanda aliufunga juu ya nini, jibu hupatikana humo humo.

Namba hizi zina kazi. Daktari huzitazama akiamua kama uanze dawa, uongezewe au upunguziwe. Namba iliyopandishwa na mkao mbaya inaweza kukumezesha kidonge usichokihitaji, mpaka siku unainuka kitandani unaona giza. Iliyoshushwa inakuacha unatembea na presha ukijua uko salama. Kwa hiyo kwa siku saba hizi jukumu ni lako wewe unayepima, au wewe mtoto unayempimia mzazi.

## Wanaotakiwa kuuliza kwanza

Mjamzito apime, ila kwa maelekezo ya kliniki yake, kwa sababu mipaka yake ni tofauti na nitaieleza mbele. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio amuulize daktari, kwani mashine nyingi za kielektroniki hubabaika kwenye moyo wa namna hiyo.

Aliyetengenezewa mshipa wa kusafishia damu mkononi kwa sababu ya figo asifunge mkanda mkono huo kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani aulize kabla ya kutumia mkono wa upande uliopasuliwa.

## Vitu vya kuandaa

Mashine ya mkono wa juu, inayojipuliza yenyewe. Ile inayofungwa kati ya bega na kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni nyepesi na zinapendeza, lakini mkono ukishuka au kupanda kidogo namba zinabadilika. Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kugusisha kidole kwenye kamera usizitegemee kwa uamuzi wowote wa dawa. Kabla ya kununua, andika jina na namba ya modeli, kisha utafute kwenye orodha ya STRIDE BP, ambayo iko wazi kwenye intaneti na huonyesha mashine zilizothibitishwa.

Mkanda unaokutosha. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, nami naomba usipite haraka. Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Halafu soma kilichoandikwa kwenye mkanda wenyewe: mara nyingi wa kawaida ni sentimita 22 hadi 32, na mkubwa ni 32 hadi 42.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la mikanda: waliwafunga mkanda wa kawaida watu waliohitaji ule mkubwa kupita wote (XL). Namba ya juu (ile inayoandikwa kwanza) ilizidi ukweli kwa karibu 20. Yaani mwenye 128 anaambiwa 148, na anarudi nyumbani na karatasi ya dawa. Ndiyo maana mashine moja ya kuzungushwa mtaa mzima, kwa mama mnene na kijana mwembamba, haiwezi kuwatendea haki wote wawili.

Kiti chenye egemeo na meza. Kiti cha plastiki cha kawaida kinafaa. Stuli haifai, ukingo wa kitanda haufai, na kochi linalokumeza halifai. Andaa pia kanga iliyokunjwa au mto mdogo wa kuinua mkono.

Daftari, kalamu, saa na betri za akiba. Kumbukumbu ya mashine haitoshi, hasa kama nyumba nzima inaitumia.

## Hatua ya 1: Chagua mkono, kisha usiuhame

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili kwa utaratibu wa hatua zinazofuata. Mkono wenye namba kubwa zaidi ndio utakaoutumia siku zote. Andika kwenye jalada la daftari: "kushoto" au "kulia".

Sababu ni kwamba mikono miwili ya mtu mmoja haisomi sawa. Ukipima leo huu na kesho ule, utaona presha "inapanda na kushuka" kumbe ni mikono inayopishana. Tofauti ya namba ya juu ikizidi 10, na ikajirudia ulipopima tena, mwambie daktari, maana inaweza kuashiria tatizo kwenye mishipa.

## Hatua ya 2: Linda nusu saa ya kabla

Ndani ya dakika 30 kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai, usivute sigara wala kutumia ugoro, usifanye mazoezi. Na mazoezi hapa siyo kukimbia uwanjani tu. Kuteka maji, kupanda ngazi za ghorofa, kufagia uwanja, kukimbilia daladala, yote hayo moyo unayahesabu.

Nenda msalani kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha, na wazee wengi hujibana kwa sababu wanaona ni dakika mbili tu za kupima.

Asubuhi pima baada ya kuamka na kukojoa, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya kumeza dawa za presha. Hapo daktari ataona kama dozi ya jana inafika mpaka asubuhi. Jioni pima kabla ya chakula cha usiku au kabla ya kulala, saa ileile kila siku.

## Hatua ya 3: Kaa, na ukae kweli

Mgongo uegemee. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Usikunje nne. Mkono ulale mezani, kiganja kikitazama juu, na katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo, yaani usawa wa chuchu. Meza ikiwa fupi, weka kanga iliyokunjwa chini ya mkono. Wewe usiushikilie mkono hewani, kwa sababu msuli unaokaza unapandisha namba.

Watafiti wa chuo kilekile cha Johns Hopkins mwaka 2024 walionyesha kwamba mkono ukiwekwa mapajani namba ya juu inazidi kwa karibu 4, na ukiachwa unaning'inia inazidi kwa 6.5. Makosa haya hujumlishana na ya mkanda, ya kibofu na ya maongezi.

Sasa nyamaza dakika tano. Redio izimwe, simu iwekwe chumba kingine, na watoto waambiwe. Dakika tano ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa.

Nilijifunza hatua hii kwa mama yangu. Alikuwa akipimwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, mkono mmoja unaning'inia, huku anamwelekeza mjukuu namna ya kukoroga uji. Mashine ikasoma 168/94. Akashika kifua: "Mwanangu, mimi ndiyo basi." Nikamwambia, "Mama, shuka kwanza, njoo hapa mezani." Nikamwekea kiti, nikaukunja mtandio wake chini ya mkono, mlango nikaurudishia. Alipotulia vizuri, mabega yalishuka, hata pumzi ilibadilika. Ikasoma 141/83. Bado ilikuwa juu ya mpaka na tulikwenda kliniki, lakini tulikwenda na namba yake halisi.

Utajua umekaa sawa ukiona unaweza kulegeza mkono wote bila kudondoka mezani na pumzi inakwenda polepole.

## Hatua ya 4: Funga mkanda kwenye ngozi

Mkanda ufungwe juu ya ngozi tupu. Usiufunge juu ya sweta, shati wala dera. Na usikunje mkono wa shati mpaka ukabana kama kamba juu ya mkanda, afadhali utoe mkono wote nje. Kwa mama anayesitiri mwili, andaa nguo ya mikono mipana au apimwe faragha na mtu wake.

Ukingo wa chini wa mkanda ukae kama vidole viwili juu ya kikunjo cha kiwiko. Mpira wa hewa ushuke upande wa ndani wa mkono, ukielekea kidole cha kati. Mikanda mingi ina alama ya mshale inayotakiwa kukaa juu ya mshipa unaodunda hapo ndani ya kiwiko. Utafute kwa vidole kabla hujafunga.

Kaza kiasi cha kuingiza vidole viwili kwa shida kidogo. Mkanda unaoteleza ukitikisa mkono umelegea, funga upya.

## Hatua ya 5: Bonyeza, nyamaza, subiri dakika, rudia

Bonyeza kitufe na usiseme neno mpaka mkanda utoe hewa yote. Hata kujibu "hodi" kunaharibu kipimo, kwani kuongea hupandisha presha papo hapo. Usicheke, usitazame namba zinavyopanda kwenye kioo. Tazama ukuta.

Ukimaliza, andika. Subiri dakika moja bila kuinuka, kisha pima tena na uandike. Vipimo viwili asubuhi, viwili jioni. Mara nyingi cha kwanza huwa kikubwa kidogo kwa sababu mwili ulishtuliwa na mkanda kubana. Hiyo ni kawaida.

Mashine ikionyesha herufi za hitilafu, mara nyingi ni mkono kutikisika, mkanda kulegea au betri kuisha. Rekebisha, pumzika dakika mbili, anza upya. Alama ya mapigo yasiyo na mpangilio ikitokea mara moja, iandike, na ikijirudia siku baada ya siku, usingoje wiki iishe, nenda kituoni.

## Hatua ya 6: Andika zote, hata zisizokupendeza

Mstari mmoja uwe hivi:

*Jumatatu, asubuhi saa 12:40 – 142/88, mapigo 76. 138/85, mapigo 74. Sijameza dawa. Usiku sikulala vizuri.*

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Andika zote mbili na mapigo, pamoja na neno moja au mawili ya hali yako: homa, maumivu, ugomvi, dawa iliyosahaulika.

Nimeona daftari ambalo kila siku linasoma 120/80, juu hadi chini, kwa wino mmoja. Mwenye daftari alikuwa mtu mwema, hakutaka kumsumbua daktari wala kuonekana hafuati masharti. Lakini daktari akiliamini, dozi inabaki palepale na moyo, figo na ubongo vinaendelea kuumia kimyakimya. Mzazi wako akiogopa kuandika namba kubwa, tazama kwanza unavyompokea zinapotokea. Anayegombezwa kila presha ikipanda ("si nilikwambia uache chumvi!") atajifunza kuficha.

## Hatua ya 7: Piga wastani

Baada ya siku saba, futa siku ya kwanza. Siku hiyo ina wasiwasi wa ugeni na haihesabiwi. Zinabaki siku sita zenye vipimo vinne kila moja, yaani 24.

Jumlisha namba zote za juu kwa kikokotoo cha simu, gawanya kwa 24. Fanya vivyo hivyo kwa za chini. Tuseme za juu zimefika 3,312: ukigawanya unapata 138. Za chini zimefika 2,016: unapata 84. Wastani wako ni 138/84.

Ukikosa siku moja au mbili usitupe kazi yote. Siku nne zilizopimwa vizuri bado zinamfaa daktari, mradi ugawanye kwa idadi ya vipimo ulivyonavyo.

## Namba zinasemaje

Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka unaotumika sana ni 135/85. Wastani ukiwa chini ya hapo kwa namba zote mbili, endelea kama ulivyo. Ukifika au kuzidi, hata kwa namba moja tu, nenda na daftari kwa daktari. Kwa hiyo 138/84 ya mfano wetu ni ya kupeleka kliniki, ingawa ya chini haijafika 85.

Ulisikia 140/90? Huo ni mpaka wa vipimo vya hospitalini, ambako watu wengi hupanda kidogo kwa foleni, harufu na koti jeupe. Wapo pia walio kinyume, kliniki wanasoma vizuri na nyumbani wako juu. Hao ndio daftari huwaokoa zaidi, kwa sababu bila hilo hakuna ambaye angewatilia shaka. Daktari wako akikupa lengo tofauti kwa sababu ya kisukari, figo au umri, shika la kwake.

Kipimo kimoja kilichopanda katikati ya vizuri kisikunyime usingizi. Na wiki ikiisha, funga mashine kabatini mpaka daktari aseme lini urudie. Wapo wanaoamka saa nane usiku kupima, wakiona 150 wanaogopa, wanapima tena inasoma 158, wanaogopa zaidi. Mpaka alfajiri wameshapima mara kumi na hawajalala. Hofu hiyo yenyewe inapandisha.

Namba ndogo nazo zina maana. Chini ya 90/60 pamoja na kizunguzungu, udhaifu au kuanguka, mwone mhudumu wa afya upesi, hasa kama unameza dawa za presha.

## Pale ambapo hungoji siku saba

Ikisoma 180/120 au zaidi, kwa namba yoyote kati ya hizo mbili, tulia dakika tano kisha urudie kwa mkao sahihi. Ikibaki huko na kuna maumivu ya kifua, pumzi kubana, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kuongea, macho kufifia, kichwa kuuma vikali au kuchanganyikiwa, nenda hospitali dakika hiyo. Dalili hizo zikija, usipoteze muda hata kutafuta mashine. Kama hakuna dalili yoyote lakini namba imebaki hapo, mpigie au mwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Usimeze vidonge vya ziada. Usimeze vya jirani. Usipasue nifedipini (dawa ya kushusha presha) na kuiweka chini ya ulimi ili ishuke haraka. Kushuka kwa ghafla kunaweza kunyima ubongo na moyo damu, na hapo kiharusi kinaweza kutokea. Ndimu na kitunguu saumu visikucheleweshe kwenda hospitali.

Mjamzito akifikia 140/90 aende kliniki siku hiyohiyo, hata kama anajisikia vizuri. Kichwa kikiuma bila kuachia, akiona nyota machoni, maumivu yakija chini ya mbavu au uso ukivimba ghafla, aende mara moja, iwe usiku au mchana, kwa sababu hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba.

## Hatua ya 8: Beba vyote kliniki

Peleka daftari lenye wastani umeandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa mwisho. Daktari mwenye foleni nje hana muda wa kupitia mistari yote, ila atasoma mstari mmoja na akitaka atarudi nyuma.

Peleka dawa zote kwenye pakiti zake, pamoja na za maumivu na za mitishamba. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha, na wapo wanaozimeza kila siku kwa ajili ya magoti bila kuzitaja kwa sababu "hizo si dawa za presha".

Beba na mashine. Omba upimwe kwa ya kliniki na kwa yako, mkono uleule, dakika chache kati yake, mkanda ukiwa wa saizi yako. Zikipishana kidogo, mashine yako ni nzima. Zikipishana kwa zaidi ya 10 hata baada ya kurudia, ya kwako ikakaguliwe au ibadilishwe, na wiki ile irudiwe. Rudia ulinganisho huo kila mwaka, na kila mashine inapodondoka.

Daftari likionyesha namba nzuri nawe uko kwenye dawa, usiache dawa. Namba hizo zimeletwa nazo. Mwonyeshe daktari, yeye ndiye atakayesema kama kuna cha kupunguza.

Kabla hujatoka, muulize mambo mawili na uyaandike hapo hapo: lengo langu la nyumbani ni namba ngapi, na nipime tena wiki gani. Ukibadilishiwa dawa, mwambie akutajie tarehe, kisha uiandike juu ya ukurasa mpya wa daftari.